Mjumbe wa Mkulima Katika Mabaraza ya Dunia

Hotuba iliyosomwa Karatu kwa niaba ya Kamati ya Elimu katika Mkutano Mkuu wa kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu



Wasemaji waliotutangulia wamekwisha eleza habari za maghala, za mizani na za hesabu za Chama, nasi hatuna haja ya kuzirudia. Kazi tuliyopewa sisi wa Kamati ya Elimu ni kueleza jambo lisiloonekana ghalani, lakini ambalo latawala kila gunia lililomo ghalani. Jambo hilo ni kazi ya wajumbe wa nchi yetu wanaokwenda kujadiliana na mataifa mengine juu ya biashara, fedha na bei za mazao.

Yamkini wako miongoni mwetu watakaouliza: Mkulima wa mbaazi wa Rhotia, au wa kahawa wa Oldeani, au wa vitunguu wa Mang'ola, ana shughuli gani na balozi akaaye Geneva? Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jibu lenye ushahidi. Ushahidi tunao, tena si wa kale.

Mwezi wa Agosti 2017 Serikali ya India ilitangaza kwamba mbaazi zitakazoruhusiwa kuingia nchini mwake kutoka duniani kote hazitazidi tani 200,000 kwa mwaka. Wakulima wa India walikuwa wamevuna kwa wingi, bei zao zikaanguka, na Serikali yao ikaona ni wajibu wake kuwalinda. Hatuwezi kuilaumu serikali kwa kuwalinda watu wake. Lakini sote twakumbuka yaliyotupata. Zao ambalo misimu miwili tu kabla ya hapo lilikuwa limeuzwa zaidi ya shilingi 2,000 kwa kilo, likawa halipati ila shilingi mia chache, na mahali pengine mnunuzi hakuonekana kabisa. Mbaazi zilikuwa ni zile zile, zimekauka vema na kupepetwa vema. Kilichobadilika ni tangazo moja lililotolewa New Delhi.

Sasa tazameni jirani zetu wa Msumbiji. Mwaka mmoja kabla ya tangazo hilo, mwezi wa Julai 2016, Waziri Mkuu wa India, Bwana Narendra Modi, alizuru Maputo, na serikali hizo mbili zikatiliana sahihi mapatano ya kwamba India itanunua mbaazi na jamii ya kunde kutoka Msumbiji, kuanzia tani 100,000 na kuongezeka hadi tani 200,000 katika muda wa miaka michache. Mlango ulipofungwa mwaka 2017, mapatano hayo hayakuguswa. Hatusemi kwamba mkulima wa Msumbiji hakuumia, maana bei ilishuka kwake pia. Twasema kwamba yeye alikuwa na dirisha, na sisi hatukuwa nalo. Tofauti kati yake na mkulima wa Karatu haikuwa jembe wala mvua. Ilikuwa ni karatasi iliyotiwa sahihi. India ilikuja kuondoa kikomo hicho mwezi wa Mei 2021, lakini waliokwisha kung'oa mbaazi zao shambani hawakurudishiwa hasara yao na mtu ye yote.

Wazee walisema: Asiyekuwapo na lake halipo. Basi ili tujue maana ya kuwapo, twaomba ruhusa tuzungumze habari za Mtanzania mmoja aliyeitumia sehemu kubwa ya maisha yake katika kazi hiyo, naye ni marehemu Amir Habib Jamal.

Bwana Jamal alizaliwa mwaka 1922, Mtanganyika mwenye asili ya Kihindi. Alisoma elimu ya biashara na uchumi katika Chuo Kikuu cha Calcutta, kisha akarudi nyumbani. Katika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria wa mwaka 1958 aliingia Barazani kwa kuungwa mkono na TANU, naye akawa Waziri hata kabla ya Uhuru. Baada ya Uhuru alishika Wizara ya Fedha kwa vipindi vitatu, kuanzia mwaka 1965, na katikati ya vipindi hivyo akashika Wizara ya Biashara na Viwanda, na ile ya Mawasiliano. Wote waliofanya kazi naye walimshuhudia kuwa mtu mwaminifu, mwenye maisha ya kiasi, asiyesema jambo ambalo hakulipima kwa hesabu.

Waziri wa Fedha wa nchi changa si mtunza hazina tu. Fedha za kigeni za nchi yetu katika miaka ile zilitoka katika mazao: katani, pamba, kahawa, korosho na chai. Kwa hiyo kila bei ilipotikisika London au New York, meza ya Bwana Jamal ilitikisika vile vile. Mwezi wa Julai 1975 baridi kali iliua mibuni ya Brazil, na katika miaka miwili iliyofuata bei ya kahawa ikapanda kwa namna ambayo wazee wetu hawakupata kuiona. Kisha ikashuka. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda tangu mwaka 1973 na ikapanda tena mwaka 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Na vita vya Kagera vikala akiba yote iliyosalia. Gunia la kahawa likawa lanunua mafuta kidogo zaidi, na vipuri vichache zaidi, kila mwaka uliopita. Bwana Jamal aliona kwamba nchi inaweza kulima kwa bidii zaidi na bado ikawa maskini zaidi, kwa sababu vipimo vya kubadilishana vimewekwa na wengine.

Sisi wa Karatu hatuhitaji kitabu kulielewa jambo hili, kwa kuwa tunayo lumbesa. Mnunuzi ajaye Mang'ola na gunia lililoshonewa kilemba juu, akalipa bei ya gunia moja, amefanya kwa mkulima mmoja jambo lile lile ambalo bei za dunia huifanyia nchi nzima. Mkulima aliye peke yake hulijaza gunia hilo na kunyamaza, kwa hofu kwamba akikataa, mnunuzi atakwenda kwa jirani. Yatupasa kukumbuka hofu hiyo, kwani ndiyo itakayotufafanulia yatakayofuata.

Mwaka 1980 ulikuwa mwaka wa kazi nyingi kwa Bwana Jamal. Alikuwa mmoja wa wajumbe wa tume iliyoongozwa na Willy Brandt, aliyepata kuwa Chansela wa Ujerumani ya Magharibi, na mwaka huo tume hiyo ilitoa taarifa yake mashuhuri juu ya tofauti kati ya nchi tajiri za Kaskazini na nchi maskini za Kusini. Katikati ya mwaka huo huo mji wetu wa Arusha ulikuwa mwenyeji wa mkutano juu ya mfumo wa fedha wa dunia, ambao wajumbe wake walidai kwamba sheria za fedha zitungwe na mataifa yote, wala zisitungwe na wachache. Na katika mkutano wa mwaka wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, aliyekalia kiti cha mwenyekiti alikuwa huyo huyo Amir Jamal wa Tanzania. Nchi yetu wakati huo ilikuwa katika mabishano makali na Shirika hilo juu ya masharti ya mkopo. Ni jambo la kujifunza kwetu kwamba mtu aweza kukataa masharti ya mwenzake na bado akaheshimiwa kiasi cha kupewa uenyekiti. Heshima hiyo hailetwi na kelele. Huletwa na kujua hesabu zako, na kutobadili neno lako.

Katikati ya miaka ya 1980 Bwana Jamal alitumwa Geneva kuwa Balozi wetu katika ofisi za Umoja wa Mataifa, naye akatumika huko hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Twaomba tukae kidogo hapo, kwa maana Geneva ndipo kazi ya mjumbe wa uchumi huonekana waziwazi.

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya balozi ni karamu na picha. Kazi yenyewe ni kusoma. Mwezi wa Septemba 1986, huko Punta del Este katika nchi ya Uruguay, mataifa yalianzisha majadiliano makubwa juu ya ushuru na biashara, nayo yalidumu zaidi ya miaka saba hata yakazaa Shirika la Biashara Duniani tarehe 1 Januari 1995. Katika miaka hiyo karatasi ziliandikwa kwa maelfu. Nchi tajiri ilipeleka mtaalamu mmoja kwa kila jambo: huyu wa nguo, huyu wa mazao, huyu wa hataza za uvumbuzi. Nchi kama yetu ilikuwa na maofisa wachache waliotakiwa kuwapo katika vyumba vingi saa ile ile. Na katika karatasi hizo neno moja laweza kugharimu sana. Ikiandikwa kwamba nchi tajiri "zitapunguza" ushuru, hiyo ni deni. Ikiandikwa kwamba "zitajitahidi kupunguza," hiyo ni sala. Mjumbe asiyesoma hadi usiku huweka sahihi juu ya sala akidhani ni deni.

Wachache walipozidiwa na wengi, dawa waliyoipata ni ile ile mliyoipata ninyi. Mwaka 1964, mwisho wa mkutano wa kwanza wa Umoja wa Mataifa juu ya biashara na maendeleo uliofanyika Geneva, nchi sabini na saba zinazoendelea, na yetu ikiwa mojawapo, zilijiunga kuwa Kundi la Nchi 77. Kama vile wakulima wa kijiji hufanya chama cha msingi, na vyama vya msingi hufanya Chama Kikuu, ndivyo nchi zilivyojiunga ili msemaji mmoja aseme kwa niaba ya wengi. Bwana Jamal alisimama juu ya msingi huo. Katika miaka yake ya Geneva, Mwalimu Nyerere naye aliongoza Tume ya Kusini, yenye ofisi mjini humo, tangu mwaka 1987 hadi 1990, katibu wake mkuu akiwa Manmohan Singh, aliyekuja baadaye kuwa Waziri Mkuu wa India. Bwana Jamal alifariki dunia mwaka 1995 huko Vancouver, Kanada. Alikuwa ameishi hata akaona chama kimoja kikubwa cha wazalishaji kikianguka, na habari ya kuanguka huko ndiyo hasa iliyotufanya tuchague somo hili kwa siku ya leo.

Ndugu Wanachama, mwaka 1962 nchi zinazouza kahawa na nchi zinazoinunua zilifanya Mapatano ya Kimataifa ya Kahawa, na shirika la kuyasimamia likawekwa London. Kila nchi inayouza ilipewa mgao, yaani kiasi cha magunia isichopaswa kuzidisha bei ikiwa chini. Kahawa yetu iliwekwa katika fungu moja la kahawa laini pamoja na ile ya Kolombia na Kenya. Mgao ulipunguza mafuriko ya kahawa sokoni, na kwa hiyo bei haikuanguka hata chini kabisa. Mapatano hayo hayakuwa kamili, lakini mkulima wa Oldeani, chini ya msitu wa Ngorongoro, alipata kivuli chake ingawa hakujua mti wenyewe.

Je, mti huo uliangushwa na nani? Sababu zilikuwa nyingi. Marekani haikuwa tena na shauku ya kuutunza; Brazil haikukubali fungu lake lipunguzwe; wanunuzi walitaka kahawa laini zaidi kuliko mgao ulivyoruhusu. Lakini iko sababu moja ambayo yatupasa kuitazama bila kupepesa macho. Baadhi ya wanachama, wakiwa na kahawa iliyozidi mgao, waliiuza pembeni kwa nchi zisizokuwa katika Mapatano, tena kwa bei ya chini sana. Sehemu ya kahawa hiyo ikasafirishwa kwa siri na kuingia katika masoko ya wanachama. Wanunuzi waliotii sheria wakaona kwamba wanalipa bei kubwa kwa kahawa ambayo wengine waipata kwa nusu ya bei. Imani ikafa kwanza, kisha Mapatano yakafa. Tarehe 4 Julai 1989 migao iliondolewa, na kabla ya mwaka kwisha bei ya kahawa duniani ilikuwa imeshuka karibu nusu.

Kuna jambo la kuhuzunisha zaidi. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo, Juni 1989, Mfuko wa Pamoja wa Mazao, uliokubaliwa mwaka 1980 baada ya miaka ya majadiliano, ulikuwa umeanza kuwa na nguvu ya sheria. Mfuko huo ulikusudiwa kugharimia akiba za mazao ili bei zisiyumbe. Ulipozaliwa, nyumba ya kahawa iliyokuwa isaidiwe ikabomoka. Mfuko haukufa, makao yake yakawekwa Amsterdam, nao ukageukia kazi ya kugharimia miradi ya kuboresha mazao. Mtanzania mwingine, Balozi Ali Mchumo, alikuja kuwa Mkurugenzi Mkuu wake.

Huyu Balozi Mchumo naye yafaa akumbukwe. Mwaka 1999 alikuwa mwenyekiti wa Baraza Kuu la Shirika la Biashara Duniani, wakati mataifa yaliposhindwa kwa miezi mingi kupatana juu ya nani awe Mkurugenzi Mkuu wa Shirika: Mike Moore wa New Zealand au Supachai Panitchpakdi wa Thailand. Ilipofika Julai ilikubaliwa kwamba wote wawili washike kazi kwa zamu, kila mmoja miaka mitatu. Mwishoni mwa mwaka huo ulifanyika mkutano wa mawaziri mjini Seattle, Marekani. Nchi chache ziliitwa katika chumba cha faragha kuamua mambo, na nchi nyingi za Afrika zikaachwa nje mlangoni. Wajumbe wa Afrika walitamka kwamba hawatakubali jambo lililoamuliwa bila wao, na mkutano ukavunjika pasipo mapatano. Nchi moja ya Afrika ingalisema hivyo peke yake, isingalisikiwa. Zilisema pamoja, zikasikiwa.

Wala tusidhani kwamba matunda ya kazi hii yako ng'ambo tu. Barabara ya lami kutoka Makuyuni kupita hapa Karatu hadi lango la Ngorongoro, iliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilitokana na mapatano kati ya Serikali yetu na Serikali ya Japani. Vitunguu vya Bonde la Eyasi vivukapo mpaka kwenda Kenya, hupita chini ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliotiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Hata Ngorongoro yenyewe, iletayo wageni wanaokula mboga na mayai yetu, iliingizwa mwaka 1979 katika orodha ya Urithi wa Dunia kwa nguvu ya mkataba wa kimataifa. Na penye mkataba pana meza, na penye meza yatupasa tuwe na mtu wetu, awakumbuke mkulima na mfugaji pia.

Sasa twafika kwenye neno letu la mwisho kwa Mkutano huu. Mjumbe hauawi, lakini mjumbe aliyetumwa mikono mitupu hudharauliwa. Ni nini basi tunachoweza kumpa mjumbe wetu mikononi?

La kwanza ni hesabu za kweli. Balozi hawezi kuiambia India kwamba Karatu itatoa tani kadhaa za mbaazi safi kama chama cha msingi hakijui ni magunia mangapi yaliyopimwa, na ya daraja gani. Karani wa mizani aandikaye uzito kwa uaminifu amekwisha anza kazi ya ubalozi. Twaiomba Bodi ipeleke kila mwaka kwa Wizara, kabla ya msimu, taarifa ya mazao yanayotazamiwa, na iombe mapatano ya kununuliana na serikali zinazohitaji mazao hayo.

La pili ni watoto wetu. Twaomba sehemu ya fungu la elimu itumike kuwasomesha vijana wa wanachama, wa kike na wa kiume, elimu ya uchumi, sheria za biashara na lugha za kigeni. Mtoto aliyepepeta mbaazi na mama yake, akasoma hadi akafika Geneva, hatahitaji kuelezwa maana ya lumbesa.

La tatu ndilo kubwa, nalo laweza kutuudhi. Kila msimu wako wanachama wanaopokea pembejeo kwa dhamana ya Chama, kisha usiku wakamuuzia mlanguzi mazao yao kwa sababu ameongeza shilingi chache, au kwa sababu analipa papo hapo. Twajua kwamba ada ya shule haingoji, na twajua kwamba Chama kinapochelewa kulipa chamsukuma mwanachama mikononi mwa mlanguzi. Kwa hiyo Bodi nayo inalo deni: ilipe upesi, na ieleze makato yote waziwazi. Lakini mwanachama ajue kwamba gunia lile la usiku ni ndugu wa kahawa ile iliyouzwa pembeni kabla ya mwaka 1989. Mlanguzi ataongeza shilingi chache maadamu Chama kipo. Siku Chama kitakapoanguka, yeye ndiye atakayetaja bei, tena atakuja na gunia lenye kilemba.

Miaka kumi ni umri wa mtoto aliyeanza kusoma na kuandika. Chama chetu kimekwisha jua kusoma mizani yake. Sasa kijifunze kusoma dunia, na kipeleke humo wajumbe wenye hesabu mkononi na nyumba yenye umoja nyuma yao.

Tunawatakia nyote mavuno mema na bei ya haki. Ushirika udumu.